Mali ya Abdulla, Maneno ya Mvaaji

Ukipata leso kuukuu, itandaze kitandani uisome yote. Katikati ni mji, kuzunguka ni pindo, na upande wa chini wa mji pana kisanduku chembamba chenye maneno. Hayo ndiyo jina la leso, na mara nyingi ndiyo yaliyomfanya mwanamke afungue mkoba wake. Sasa sogeza macho hadi ukingoni kabisa, pale fundi anapokunja upindo. Huko, kwenye leso nyingi za zamani, utakuta herufi ndogo: K.H.E., kisha Mali ya Abdulla, na pengine nambari ya usajili. Ni alama ya duka la Kaderdina Hajee Essak, lililoanza hapa Mombasa mwaka 1887. Jina hilo limezunguka Afrika Mashariki mabegani na viunoni mwa wanawake ambao wengi wao hawakuwahi kuukanyaga Mtaa wa Biashara.

Mimi ni muuza leso, na nyanya yangu aliuza leso kabla yangu. Kila anapokuja kijana kuniuliza atautangaza vipi mradi wake mdogo ilhali mfuko mtupu, humwonyesha ukingo ule na kumtaka aangalie ukubwa wa herufi. Maneno ya mvaaji ni makubwa, ya mwenye duka ni madogo. Wafanyabiashara wa pwani hawakuufikia mpango huo kwa siku moja, wala hawakuufikia peke yao. Wanawake waliwavuta mpaka wakafika.

Tuanzie kwenye merikani. Katikati ya karne ya 19 nguo iliyotawala biashara ya pwani ilikuwa hiyo, pamba ngumu isiyo rangi, iliyoletwa na meli za wafanyabiashara wa Salem, Massachusetts. Ikitiwa nili mpaka ikaiva ikawa kaniki, na kaniki ilikuwa nguo ya wanawake watumwa na ya watu wa kazi za shamba. Maduka yote yaliuza majora yale yale. Mwenye duka hakuwa na la kumtofautisha na jirani yake ila bei, mkopo, na namna anavyomwamkia mteja mlangoni. Hayo matatu si haba. Mpaka leo wapo wauzaji wanaoishi kwa hayo tu. Lakini yote yaliishia mlangoni. Mteja akishatoka na merikani yake, hakuna aliyemtazama njiani akajua ameinunua kwa nani.

Zikaja leso, au kanga kama wanavyoziita wenzetu wa Unguja na wa Tanzania Bara. Inasimuliwa kwamba wanawake walinunua vitambaa vya mkononi vya rangi vilivyouzwa kwa jora kabla ya kukatwa, wakachukua sita, wakavigawa vitatu vitatu, wakaviunga kwa sindano vikawa nguo moja pana. Wenye maduka walipouona mtindo ule wakaagiza nguo nzima iliyopigwa chapa kwa umbo hilo. Viwanda vya Ulaya vikaingia kulishindania soko hili. Kampuni ya P. F. van Vlissingen ya Helmond, Uholanzi, ilipiga chapa leso kwa miongo mingi. Hebu fikiria: mwanamke wa Unguja amechoshwa na nukta, anataka korosho, na miezi kadhaa baadaye mchapaji wa Kiholanzi anapanga korosho ambazo hajawahi kuziona mtini.

Wakati huo ndio pingu zilikuwa zinafunguka. Utumwa ulipoteza uhalali wa kisheria Unguja mwaka 1897, na katika pwani ya Kenya mwaka 1907. Wanawake waliokuwa wakivaa kaniki kwa kulazimika waliiacha, wakataka rangi. Muuza duka akajikuta mbele ya mteja ambaye zamani hakuwapo: mwanamke mwenye senti chache za jasho lake mwenyewe, anayetaka kupendeza, na asiyekubali kuvaa leo kilichovaliwa na wenzake mwaka jana. Mtindo ulichakaa kabla ya nguo. Shehena iliyochelewa baharini ilifika imeshapitwa, ikasukumwa bara, mahali ambapo habari za mtindo mpya zilikuwa bado njiani.

Ukilitazama kwa jicho la biashara, hilo lilikuwa balaa kwa mwenye mtaji mdogo. Aliagiza kwa mawakala wale wale waliomhudumia jirani yake. Hakuwa na uwezo wa kuijaza bandari mizigo ili ashinde kwa wingi. Muundo wake ukipendwa, haukupita muda ukaigwa. Alichoweza kukimiliki ni jina tu, na swali likawa hilo jina alibandike wapi. Ukutani mwa duka lingesomwa na wapita njia wa mtaa mmoja. Gazetini lingesomwa na wanaume wachache. Basi likawekwa kwenye nguo yenyewe.

Hapa ndipo Kaderdina Hajee Essak alipoonyesha akili ambayo kwangu mimi ni kubwa kuliko ya wachapaji wote wa Helmond. Kwanza, hakusimamisha jina lake zima mbele. Aliweka herufi tatu, halafu akaweka jina ambalo mji ulimjua nalo, Abdulla. Mwanamke aliyetumwa na dadake wa Lamu au wa Tanga hakuhitaji kukariri jina refu la kampuni. Alihitaji kuuliza tu kwa Abdulla ni wapi. Pili, alitia maneno. Historia ya leso humhusisha yeye na desturi ya kupiga chapa methali na misemo kwenye nguo, desturi iliyoshika mizizi mwanzoni mwa karne ya 20. Maneno hayo yaliandikwa kwanza kwa herufi za Kiarabu. Mwanamke wa mji aliyesoma chuoni aliweza kusoma Kiswahili kwa hati hiyo hata kama hakuwahi kukaa kwenye dawati la shule. Baadaye zikachukua nafasi herufi za Kirumi. Reli iliyoanza kujengwa kutoka Mombasa mwaka 1896 ilikuwa imefika ziwani Kisumu mwaka 1901, na leso zikaifuata hadi kwa watu waliosoma kwa hati nyingine. Mimi naona aliyebadilisha herufi alikuwa anamfuata mnunuzi kule alikokwenda, na mwuzaji yeyote anayeng'ang'ania hati ambayo wateja wake hawaisomi amejifungia duka kwa ndani.

Kuna jambo moja ambalo wanaume wakisimulia habari hizi hulisahau. Mwanamke wa Mombasa alipotoka njiani alijisitiri kwa buibui. Leso alivaa ndani: jikoni, uani, kwenye chumba cha mzazi, kwenye nyumba ya arusi wanaume wakishatolewa. Mwenye duka, hata awe tajiri namna gani, hakuweza kuingia humo. Leso yake iliingia. Ilikaa humo siku nzima ikitazamwa na mashangazi, mawifi, majirani na wakwe, watu wale wale watakaonunua kesho, tena wakiwa wametulia, wana nafasi ya kuisoma na kuijadili. Hakuna bango lililowahi kupewa mahali pazuri kama hapo, na kodi yake haikulipwa na Abdulla. Ililipwa na mvaaji, kwa furaha, kwa sababu alichokivaa hakikuwa tangazo la mtu mwingine. Yalikuwa maneno yake mwenyewe kwa wifi yake.

Nyanya yangu aliishi ndani ya biashara hiyo. Hakuwa na duka. Alichukua doti kwa mali kauli kutoka kwa wenye maduka, yaani alipewa nguo kwa neno lake, akiuza alipe, asipouza arudishe. Alizifunga furushi, akazipeleka kwa miguu Kuze na Kibokoni, akapanda hadi Majengo, na siku nyingine akavuka kwa feri hadi Likoni. Nilipokuwa mtoto alinibebesha kibuyu cha maji na kunikataza kusema neno. Alikuwa na kanuni zake. Furushi halikufunguliwa kwenye nyumba yenye mwanamke mmoja. Lilifunguliwa palipokusanyika wengi, wanasuka mikeka, wanachambua mchele wa arusi, wanamngojea mzazi atimize arubaini. Wala hakuanza na bei. Aliinyoosha leso mbele ya kifua chake, akayasoma maneno polepole, kisha akanyamaza. Kile kimya ndicho kilichouza. Mmoja angecheka, mwingine angeguna, wa tatu angesema, "Hiyo namjua wa kuvalishwa." Hapo bei ilishakuwa jambo dogo.

Jioni alirudi dukani kutoa hesabu, na hesabu yake ilikuwa na sehemu mbili. Ya kwanza ni pesa. Ya pili ni maneno: yapi yamepokelewa, yapi yamepita bila ya mtu kuguna, na misemo gani mipya imesikika uani. Mwenye duka aliandika yote mawili kwenye daftari moja. Leo watu hulipa wataalamu wawatafutie habari za wateja. Yeye habari hizo aliletewa mlangoni na mwanamke mwenye furushi, na malipo yake yalikuwa kumwongezea siku za kulipa deni. Nyanya akilisikia neno lake limerudi kutoka ng'ambo limepigwa chapa, alitembea nalo mji mzima kama kwamba leso zote za shehena ile ni zake. Aliuza siku hizo kuliko siku nyingine zozote, na hakuambiwa na mtu auze.

Halafu kulikuwa na lelemama. Kina mama wa Mombasa walikuwa na vyama vya ngoma vyenye vyeo, michango na mashindano makali. Ibinaal Watan na Banu Saada ndivyo vilivyotajwa sana. Chama kikitoka kucheza hutoka na sare, na sare ilimaanisha kila mwanachama anunue nguo ile ile kwa wakati ule ule. Muuza duka aliyepewa sare ya chama kimoja alikuwa ameuza furushi zima kabla halijafunguliwa. Zaidi ya hapo, siku ya ngoma nguo zake zilipangwa mstari mbele ya mji, na wapinzani wakitazama kwa makini kuliko mashabiki, maana walitaka kujua wavae nini ili washinde. Wiki iliyofuata wapinzani walikuja kutaka kitu tofauti na kizuri zaidi. Mashindano yale yaliwagharimu akina mama fedha nyingi; wapo waliokopa na wapo walioumia, na wazee walikemea sana. Sitaki kuyapamba. Lakini kwa muuza nguo mwenye mtaji mdogo, uani mwa wanawake mlikuwa na nguvu ya kutangaza ambayo gazeti halikuwa nayo.

Biashara nyingine za mji zilikuwa na njia zao. Muuza kahawa alitembea na dele lake juu ya makaa, mkononi vikombe viwili vitatu anavigonganisha. Mlio ule ulitangulia mtaani na watu wakatoka barazani bila ya kuitwa kwa jina. Kila muuzaji alikuwa na mgongano wake, na mzee aliyekaa ndani alijua ni nani anayepita. Fundi cherehani aliweka mashine yake kwenye baraza ya duka la leso akishona upindo, na kila aliyekuja kushonewa aliona mzigo mpya umetundikwa juu ya kichwa cha fundi. Mwenye duka hakumtoza fundi kodi ya baraza. Fundi hakumtoza mwenye duka kwa kumsifia mali. Mpaka leo ukipita Mtaa wa Biashara utayasikia macherehani hayo, na kwa maoni yangu mafundi hao wameuza leso nyingi kuliko sisi tuliokaa nyuma ya meza.

Redio ilipofika, na Sauti ya Mvita ikaanza kusikika katika miaka ya 1950, waliomudu kununua dakika zake walikuwa wenye sabuni, sigara na mafuta ya kupikia. Maduka madogo yalibaki na nguo. Hayakuachwa nyuma, maana taarabu iliyopigwa redioni ilizaa misemo, misemo ikaenda kwenye leso, na leso ikampa mtunzi wimbo mwingine. Wenye maduka walisikiliza kwa masikio mawili.

Kisha viwanda vikaja nyumbani. Urafiki cha Dar es Salaam, kilichojengwa kwa msaada wa China, kilifunguliwa mwaka 1968, na Kenya ikapata Rivatex ya Eldoret katika miaka ya 1970. Muda wa kungoja mzigo ukapungua. Ndipo wenye fedha walipogundua kile Abdulla alichokijua tangu zamani, kwamba mwanamke hubeba maneno. Vyama vya siasa vikapiga chapa leso zenye sura za viongozi. Mashirika yakapiga chapa za kampeni za afya na za maadhimisho. Kampuni zikagawa za bidhaa zao. Nyingine zilipendwa kwa dhati: mwaka 2008 ile ya Hongera Barack Obama iligombewa, na watu waliinunua kwa pesa zao, kwa kuwa furaha ilikuwa yao. Lakini nyingi zilizogawiwa bure zimegeuza mpango kichwa chini. Jina la mtoaji limejaa mji mzima, na mvaaji hakuachiwa hata mstari mmoja wa kusema lake. Huvaliwa, kwa sababu ni nguo na nguo haitupwi. Hubebewa mtoto, hufunikiwa sinia, hufutiwa maji. Sijaona hata siku moja mtu akiikunja ya namna hiyo akaipeleka zawadi kwa mkwewe.

Ndiyo maana nilimkatalia binti wa dadangu. Anatengeneza achari za embe na za ukwaju nyumbani kwake Makadara, nzuri sana, na alikuja na vijisenti alivyopata kwenye zamu yake ya mchezo. "Mama mdogo, nataka nichapishe fulana. Jina langu kubwa mbele, nambari ya simu kubwa nyuma. Nizigawe." Nikamuuliza nani atazivaa, na atazivaa akienda wapi. Akanyamaza. Nikamtolea leso za nyanya sandukuni tukazisoma pamoja mchana kutwa, mji, jina, ukingo.

Alichapisha karatasi za kubandika kwenye chupa. Kwenye kila karatasi aliandika msemo, wa kutunga mwenyewe, kwa herufi kubwa ndani ya kisanduku, na pindo la korosho kuzunguka. Jina lake na simu yake vikakaa chini ukingoni. Mmoja ulisema Ukali wangu anaujua aliyenionja. Mwingine ulisema Mkwe hasemwi, hulishwa. Wa tatu ulikuwa wa nasaha nzuri za subira, na huo haukumgusa mtu. Chupa zake zilikaa rafuni. Wa mkwe ulishika moto. Watu walinunua mbili mbili, moja ya nyumbani na moja ya kupeleka kunakohusika, wakaipiga picha wakaiweka kwenye simu zao kabla ya kuifungua. Mwanamke mmoja aliagiza zipelekwe hadi Maskati kwa jamaa zake, bila ya kujua mwenye achari ni mtu gani, na aliipata nambari pale ukingoni. Fedha za fulana zilinunua sukari, chumvi na chupa.

Mtu ataniambia kwamba maneno yanaigwa. Ni kweli. Hata nambari za usajili pale ukingoni ziliwekwa kwa sababu hiyo, na hazikuwazuia walioamua. Katika biashara hii dawa ya kuigwa imekuwa moja tu tangu enzi za shehena za Uholanzi: uwe umeshatoa nyingine. Ndiyo maana wenye maduka walipenda kutoa toleo jipya kabla ya Idi, na ndiyo maana uani hapakukosa cha kujadili.

Siku hizi leso zetu nyingi hupigwa chapa India, na mchapaji hakubali oda ndogo. Muuza leso mmoja wa kiasi changu hawezi kuagiza muundo wake peke yake. Kwa hiyo tumejikusanya wanawake kadhaa, tunachanga, tunagawana mzigo, kila mmoja anauza kwake. Rangi tumekubaliana: nyekundu ya damu ya mzee na nyeusi, pindo la mikungu. Maneno ndiyo hayajatulia. Mmoja wetu ataka Sikukualika, umekuja, karibu. Anasema amelisikia kwa bibi mmoja wa Likoni na wote waliokuwapo waliguna. Mwingine anaona ni kali mno kwa Idi, afadhali Wema hauozi, ambalo kila mtu analo nyumbani tayari. Mimi niko upande wa bibi wa Likoni. Kesho tunavuka kwenda kuyasoma yote mawili kwenye nyumba ya arusi, maana oda haina budi kufika India kabla ya Rajabu kama twataka mzigo uwe dukani Shaabani.